Risasi Isiyo na Mchirizi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu. Risasi iliyomuua Gordy Lindqvist ilikuwa na unene wa milimita tisa, uzito wa gramu nane, na haikuwa na mchirizi hata mmoja.

"Hilo la mwisho lirudie," Mpelelezi Marva Tvedt alisema kwenye simu.

"Haina mchirizi," alijibu Teodora Ruiz wa maabara ya jimbo, maili thelathini na nane kusini. "Mtutu wa bastola una mifereji inayozunguka kwa ndani. Risasi ikipita inabanwa, inazungushwa, inatoka na michirizi ubavuni. Hii ni laini kama yai. Ina michubuko miwili upande mmoja, basi."

"Ripoti ya jana mliandika 'haifai kulinganishwa'."

"Ripoti ya jana iliandikwa na mtu wa zamu ya Jumapili. Mimi nimeingia leo. Usinigombeze kwa kazi ya mwenzangu."

Marva hakugomba. Alikuwa ameimaliza Jumapili nzima akitembea na kifaa cha kutafutia chuma kwenye theluji ya Barabara ya Nne, akitafuta mahali ambapo risasi ingeweza kugonga na kuruka, kwa sababu daktari alisema tundu la kifuani mwa Gordy lilikuwa refu: milimita tisa kwa kumi na tano. Risasi iliingia kiubavuubavu. Alipima nguzo, visanduku vya barua na tangi la gesi. Hakupata alama, akapata mafua.

"Ingekuwa imegonga kitu ikaruka?"

"Ikigonga kitu inaharibika upande uliogonga. Upande wa pili michirizi inabaki. Hii haina popote."

"Bastola ya Renata Kopecky ina mifereji mingapi?"

"Sita. Nimeifyatua mara tatu kwenye tangi la maji. Michirizi sita, mara zote tatu."

"Kwa hiyo si yake."

"Haikupita kwenye mtutu wa huyo mama. Ilipita wapi, sijui. Mimi napima tu, Marva."

Yaliyokuwa yamethibitishwa yaliingia kwenye ukurasa mmoja. Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Trent Kopecky, ambaye mahakama ilimkataza kumkaribia mkewe wa zamani, alivunja mlango wa nyumba ya mkewe huyo mjini Velden. Renata, muuguzi wa wagonjwa wa figo, alimrudisha nje, akasimama barazani na kumfyatulia risasi moja. Ilimkosa. Trent alikimbilia gari lake. Ng'ambo ya barabara alitoka jirani, Duane Osterhaus, mwalimu wa bastola, naye akafyatua moja. Ardhini, alisema, kumwonya tu. Trent alikamatwa kwenye kituo cha mafuta dakika kumi na mbili baadaye, hana silaha. Mita arobaini mbele, upande ule ule ambao wote wawili walielekeza bastola zao, Gordy Lindqvist, mstaafu wa kiwanda cha sukari, alikutwa amelala juu ya koleo lake la theluji.

Milio ilikuwa miwili. Risasi iliyopatikana ilikuwa moja. Bastola ya Renata ilikuwa ya tisa, yaani milimita tisa. Ya Duane ilikuwa ya arobaini, yaani sehemu arobaini za mia za inchi, ambayo risasi yake ina unene unaozidi milimita kumi. Tena aina ya risasi haikusaidia kitu, maana za wote wawili zilitoka kwenye meza moja: Duane huokota maganda yaliyotumika, huyajaza baruti na vichwa vipya, na huwapa wanafunzi wake kwa bei nafuu. Renata alikuwa mwanafunzi wake.

Sherifu Cal Emmerich aliingia bila kubisha, akiwa na kikombe chake.

"Niambie umemaliza."

"Risasi haikutoka kwenye bastola ya Renata."

"Ni ya tisa?"

"Ni ya tisa."

"Yeye ana tisa?"

"Ana tisa yenye mifereji sita. Risasi hii haina alama ya mfereji."

Emmerich alikunywa kahawa, akaitazama theluji dirishani kana kwamba ndiyo iliyomjibu. "Marva, tulikuwa na bastola mbili. Moja ya tisa, moja ya arobaini. Aliyekufa ana tisa mwilini. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na hesabu hii anaiweza."

"Mwambie aje, nitampa na ripoti ya daktari."

"Saa nane mchana mwendesha mashtaka anapeleka hati ya mashtaka. Kuua bila kukusudia. Ukiniletea bunduki ya tatu kabla ya hapo, nitasikiliza. Ukiniletea mashaka, nitayaweka kwenye droo."

Saa nane hati ikipelekwa, leseni ya uuguzi ya Renata ingesimamishwa siku hiyo hiyo, na mtoto wake wa miaka sita, aliyekuwa ameachwa kwa muda kwa mama yake Trent, angebaki huko hadi kesi iishe. Renata mwenyewe hakuwa amemwomba mtu yeyote amtetee. Jumamosi jioni alisema jambo moja tu, mara nne: Gordy alikuwa akimsafishia njia yake theluji bila kuombwa, na asubuhi ile alikuwa njiani kuja kwake.

Saa tatu na robo Marva alikuwa dukani kwa Harlan Bjerke. Hakutaka kwenda. Duka lile liliuza bastola, chambo na mikate ya mdalasini, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuuliza swali pale na kupata jibu la swali aliloliuliza. Lakini Lowell Schatz aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Renata, alikuwa amesikia milio, na asubuhi za majira ya baridi hakupatikana kwingine.

Walikuwa wawili. Harlan, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, nyuma ya kaunta, mtu wa bastola ya arobaini na tano, ya milimita kumi na moja na nusu, tangu alipotoka jeshini. Lowell, mkulima mstaafu wa viazisukari, kwenye stuli, mtu wa bastola ya tisa.

"Afande," alisema Harlan, "umekuja wakati mzuri. Mwambie huyu. Mtu anavunja mlango wako, ana kilo mia na ishirini, amelewa. Unataka tundu la milimita tisa au la kumi na moja na nusu?"

"Nataka kuongea na Lowell."

"Milimita mbili na nusu, Harlan," alisema Lowell. "Ndiyo dini yako yote hiyo. Mimi yangu inabeba risasi kumi na saba. Wewe unabeba nane, halafu unaanza kuomba Mungu."

"Sihitaji kumi na saba. Nafyatua mara moja, mtu analala."

"Lini ulimfyatulia mtu?"

"Mzee Lowell," alisema Marva, "Jumamosi asubuhi ulisikia nini?"

"Nilisikia tisa, halafu arobaini."

"Ulisikia milio miwili."

"Ndiyo. Tisa, halafu arobaini."

"Umejuaje?"

"Kila mtu anajua. Renata ana tisa, Duane ana arobaini."

"Jumamosi saa moja na dakika kumi ulijua ni Renata na Duane?"

"Jumamosi saa moja na dakika kumi nilikuwa namimina kahawa."

"Basi niambie alichosikia yule mtu aliyekuwa anamimina kahawa. Huyu aliyekaa hapa simtaki."

Lowell alijikuna shingoni. Harlan alifungua mdomo na Marva akamwinulia kidole bila kumtazama.

"Wa kwanza ulikuwa mkali," alisema Lowell. "Paa. Mbwa alikwenda chini ya meza. Wa pili ulikuwa... nilidhani mtu amefunga kifuniko cha friza. Thuu. Mbwa hata hakusogea."

"Muda gani kati yake?"

"Kama sekunde nne. Tano."

"Kwa nini Jumamosi ulimwambia Askari Rusk ni tisa halafu arobaini, usimwambie ni mkali halafu hafifu?"

"Hakuuliza sauti. Aliuliza kama nimesikia. Nikamweleza kuhusu vipenyo, maana ni kijana, hajui. Baadaye nikaona lazima ule hafifu ndio wa Renata, kwa vile alikuwa ndani ya nyumba."

"Alikuwa barazani. Na alifyatua kwanza; yeye anasema hivyo, Trent anasema hivyo, Duane pia anasema hivyo."

"Basi hafifu ni wa Duane," alisema Harlan, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu Marva aingie. "Umesikia, Lowell? Arobaini. Kifuniko cha friza. Miaka ishirini namwambia Duane hiyo ni bastola ya watu walioshindwa kuamua. Si tisa, si arobaini na tano. Imekaa katikati kama mtu aliyekwama mlangoni."

"Arobaini ya kawaida haina sauti hafifu," alisema Marva.

"Haina," alikubali Lowell. "Inapiga kelele kuliko yangu."

"Nimesimama kando ya miili thelathini na moja iliyopigwa bastola," alisema Marva. "Hakuna daktari aliyewahi kuniambia kipenyo kwa kutazama tundu, wote hupima. Na kilichoamua siku zote ni risasi ilipita wapi. Kwa hiyo naomba tusirudi huko. Nataka kujua ni kitu gani kinaweza kuifanya arobaini iseme thuu."

Wazee wale walitazamana. Kwa muda hapakuwa na ubishi, na lilikuwa jambo geni kiasi kwamba kelele za ndoo ya chambo zilisikika.

"Mkwewe," alisema Lowell.

"Usimtaje mkwe wangu."

"Mwambie afande au nitamwambia mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

Harlan alivuta pumzi. "Klabu yetu ina siku ya kulinganisha. Kila Agosti. Madumu ya maji, mabonge ya jeli, mbavu za nguruwe, kila mtu anakuja na kipenyo chake na mdomo wake. Bastola zote mezani, risasi zote mezani. Miaka sita iliyopita mkwe wangu alichukua arobaini ya Duane akaijaza risasi za tisa. Masanduku yalikuwa yamechanganyikana. Zinaingia kwenye magazini bila shida, ndiyo ubaya wake. Akafyatua."

"Ikalipuka?"

"Wala. Risasi ni nyembamba kuliko mtutu, moshi unapita pembeni, nguvu inapotea. Ilisema thuu kama kiberiti kilicholowa. Tulicheka hadi tukakaa chini."

"Dumu lilitobolewa vipi?"

"Halikutobolewa. Risasi ilipita juu ya kila kitu ikaenda kupiga ubao wa matokeo, kando kabisa. Tundu refu hivi." Alionyesha kwa kidole na kidole. "Iliingia imelala ubavu, kwa sababu hakuna kilichoizungusha. Mfereji haukuishika."

Marva aliandika. Mkono wake haukuwa na haraka.

"Na ganda lake?"

"Lilikwama. Limevimba kama soseji, limepasuka ubavuni. Tisa hiyo, imejaza chumba cha arobaini."

"Nani alilitoa?"

"Duane," alisema Lowell. "Kwa koleo lake. Halafu akatupa somo la dakika arobaini na tano juu ya jambo hilo. Sasa kisa hicho hukiweka kwenye darasa lake la kwanza, kila darasa. Anawaambia watu hilo ndilo kosa la wajinga."

Marva alifunga daftari.

"Lakini afande," alisema Harlan, "kama ni suala la mlango kuvunjwa, bado nasema kumi na moja na nusu."

Alitoka bila kuaga.

Ndani ya gari, injini ikiwaka, aliwasha simu. Bastola ya Duane ilikuwa maabara tangu Jumamosi. Yeye mwenyewe aliikabidhi kwa Askari Rusk, pamoja na magazini yenye risasi za arobaini na ganda moja la arobaini. Rusk alilipokea ganda lile mkononi mwa Duane badala ya kuliokota mwenyewe barabarani. Marva alikuwa amekwisha kumgombeza kwa hilo. Sasa aliifungua tena ripoti yake kwenye goti. Rusk alikuwa kijana wa kuandika kila kitu ili asiwe na la kujibu, na mstari wa kumi na nne ulisema: *ganda moja, kavu, la uvuguvugu.* Theluji ile ya Jumamosi ilikuwa ya maji. Picha zote zilionyesha barabara inayometameta.

"Tia risasi ya tisa kwenye bastola ya Duane Osterhaus," alimwambia Teodora. "Fyatua kwenye tangi."

"Ile ni ya arobaini."

"Najua."

Marva alimsikia Teodora akisogeza kiti. "Nipe dakika thelathini," alisema. "Na nitaifyatua kwa kamba, nikiwa chumba cha pili. Nina watoto."

Ilichukua dakika ishirini na sita. Risasi ya majaribio ilitoka laini, na michubuko miwili upande mmoja. Ganda lilivimba na kupasuka kwa urefu wa milimita kumi na moja. Kasi ilikuwa chini ya ile ya kawaida kwa zaidi ya theluthi moja, ilitosha kwa mita arobaini na koti la mzee. Teodora alisema kwamba hilo lilithibitisha kuwa inawezekana, halikuthibitisha kuwa ilitokea, na Marva alisema anaijua tofauti. Hakimu naye aliijua. Aliuliza maswali matatu kwa simu, akatia sahihi hati ya upekuzi saa tano na dakika tano: karakana, gari, na chombo chochote chenye maganda ya risasi.

Duane Osterhaus alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, nadhifu, ndevu zimekatwa sawasawa. Aliwapokea Marva na Rusk mlangoni mwa karakana yake, ambako ndiko alikofundishia. Viti kumi na viwili vya kukunjwa vilitazama meza. Mezani palikuwa na bonge la jeli la darasa la Ijumaa jioni, limekatwa nusu, njia tatu za risasi zikionekana ndani yake, kila moja na kibendera: tisa, arobaini, arobaini na tano. Nyuma yake palikuwa na mikebe miwili ya kahawa iliyojaa risasi, na mikebe ile ilifanana.

Marva alimsomea haki zake. Duane aliziitikia moja moja, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Nimeshasema kila kitu kwa huyu kijana wako, lakini haya. Renata nilimwonya. Nilimwambia, dada, tisa haikutoshi. Ukiwa na hofu mkono unatetemeka, unahitaji kitu chenye uzito. Arobaini inaingia sentimita thelathini na nane kwenye jeli na inaacha..."

"Tisa hapo imeingia ngapi?"

Duane alilitazama bonge lake. "Thelathini na saba na nusu. Lakini jeli si mtu."

"Sijaja kuuliza ipi ni bora, Bwana Osterhaus. Ijumaa baada ya darasa uliijaza magazini yako hapa?"

"Hapa hapa."

"Kutoka mkebe upi?"

"Wa arobaini."

"Jumamosi ulipofyatua, ilikuwa na mlio gani?"

"Mlio wa bastola, afande. Ungetaka iimbe?"

"Ganda uliliokota saa ngapi?"

"Palepale. Mimi huokota ganda kabla halijapoa, ni mazoea. Ulizia mji mzima."

"Nimeulizia. Kutoka kwenye theluji ya maji?"

"Ndiyo."

"Rusk anasema lilikuwa kavu."

"Nililitia mfukoni. Mifuko yangu haina theluji."

Jibu lilikuwa zuri na Marva aliliandika. Kisha akatazama ukutani. Chini ya benchi la kujazia risasi palikuwa na ndoo mbili. Moja iliandikwa MAZIMA, nyingine ilikuwa ya maganda mabovu na ilisomeka SHABA CHAKAVU.

"Hii unaifanyia nini?"

"Mabovu. Yaliyopasuka, yaliyokanyagwa. Aprili napeleka kwa mnunuzi wa chuma."

"Rusk, tandika shuka."

Walimwaga ndoo nzima. Ilikuwa na kilo tisa na gramu mia nne, kwa mizani ya Duane mwenyewe. Marva alivua koti, akavaa glavu, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kuanza kuokota moja moja. Rusk alipiga picha. Mwanzoni Duane aliongea. Alieleza kwa nini shaba hupasuka shingoni, kwa nini watu wa tisa hupoteza maganda mengi, kwa nini serikali haikupaswa kubadili kipenyo cha askari wake. Marva hakuitikia. Baada ya kama dakika kumi alisema, bila kuinua kichwa, "Bwana Osterhaus, nimesikia habari ya vipenyo tangu saa tatu na robo. Naomba kimya au naomba kahawa." Hakuna alichopewa mwanzoni, kisha akapewa kimya. Alipogundua kwamba ni kimya cha kweli, aliinua macho. Duane alikuwa ameketi kwenye kiti cha mstari wa nyuma. Alikuwa akiitazama sehemu moja ya rundo, upande wa kushoto, karibu na chini.

Marva alihama upande ule.

Saa sita kasoro dakika sita aliliinua. Lilikuwa fupi kuliko majirani zake, limevimba kama pipa, limepasuka ubavuni. Kitakoni palichongwa 9. Alilipima mdomoni: milimita kumi na nusu. Alilipima urefu: kumi na tisa. Alimwonyesha Rusk, Rusk akapiga picha nne, likaingia kwenye mfuko, mfuko ukafungwa na kutiwa sahihi mbili.

"Hilo linaweza kuwa la miaka sita iliyopita," alisema Duane. "La mkwe wa Harlan."

"Linaweza. Maabara itasema. Lakini kila Aprili si unapeleka ndoo?"

Duane aliitazama ndoo tupu.

"Ulikuwa na siku mbili," alisema Marva. "Mto uko mita mia tatu. Theluji iko kila mahali. Kwa nini ulilitia kwenye ndoo yako mwenyewe?"

Alijibu akitazama sakafu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa kitu cha kawaida kabisa. "Sijawahi kutupa ganda maishani mwangu. Niliingia ndani, nikalitoa kwa koleo, mkono ukapeleka ndooni. Baadaye nikarudi nikalichimbia chini."

"Na lile la arobaini ulilompa Rusk?"

"La Ijumaa. Lilikuwa mfukoni."

"Ulilenga ardhini?"

"Nililenga gurudumu la gari." Alifuta mdomo. "Mimi ndiye ninayewafundisha watu jambo hili, afande. Somo la kwanza kabisa. Mji mzima umekaa kwenye viti hivi. Ningesimama mbele yao niseme nini?"

"Ungesema ni wewe."

"Nilidhani watamwachia. Mlango umevunjwa, yuko peke yake na mtoto, nani angemfunga? Nilidhani itakwisha yenyewe." Kisha akasema anataka wakili, na Marva akaacha maswali hapo hapo, akaandika saa.

Aliendesha maili thelathini na nane kwa dakika thelathini na tatu. Teodora alikuwa mlangoni. Aliliweka ganda chini ya darubini karibu na lile la majaribio, akageuza moja, akageuza jingine. Sindano ya bastola ya Duane, ile inayogonga kitako cha ganda, ilikuwa na kasoro ndogo upande wa kulia. Alama ya kasoro ile ilikuwa kwenye kitako cha ganda la ndooni, mahali pale pale. Masizi yake hayakuwa ya miaka sita. Na kwenye ufa wa shaba palikuwa na uzi mwekundu wa sufu, sawa na wa glavu ambazo Rusk alikwisha kuzichukua kwenye ndoano ya karakana.

"Andika," alisema Marva.

"Naandika. Unataka neno gani?"

"Lile unaloweza kuapa nalo."

Teodora aliandika *limetoka*. Hakuandika *huenda*. Saa saba na dakika kumi na mbili ripoti ilifika kwa mwendesha mashtaka na kwa Emmerich kwa pamoja. Saa saba na dakika kumi na tisa Emmerich alimpigia simu Marva, aliyekuwa tayari barabarani.

"Bunduki ya tatu hukuleta," alisema.

"Haikuwepo."

Alisikika akiweka kikombe mezani. "Tisa kwenye arobaini. Nani anafanya ujinga huo?"

"Mwalimu."

"Haya. Mwachie yule mama. Wewe mwenyewe, tafadhali. Mimi sina uso wa kwenda."

Marva alirudi Velden saa saba na dakika arobaini na nne. Renata Kopecky aliletwa kwenye kaunta akiwa amevaa soksi za mahabusu. Alikuwa amepungua kwa siku mbili kama watu wanavyopungua kwa mwezi. Aliambiwa anaachiwa, akauliza dhamana ni ya nani.

"Hakuna dhamana. Hakuna shitaka. Mtoto ameshafuatwa, yuko njiani na mfanyakazi wa ustawi."

"Lakini Gordy."

"Risasi iliyompiga Gordy haikutoka kwenye bastola yako."

Renata alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilifyatua, Marva. Nilikuwepo."

Marva hakuwa hodari wa maneno katika nafasi kama hiyo na hakujaribu. Alifungua ripoti ya maabara, akaigeuza juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye mstari wa tano: bastola ya Bi. Kopecky, michirizi sita. Risasi ya marehemu, hakuna. Renata aliusoma. Aliusoma tena, midomo ikisogea. Mara ya tatu aliufuata kwa ukucha wake mwenyewe, neno kwa neno, hadi mwisho wa mstari, na ukucha ukabaki pale.

Mtunza vitu alisogeza karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kupokea koti, viatu na funguo. Ya pili ilikuwa ya kuomba kurudishiwa silaha uchunguzi ukiisha: bastola moja, kipenyo milimita tisa.

Saa saba na dakika hamsini na moja Renata Kopecky alitia sahihi karatasi ya kwanza, akairudisha ya pili bila sahihi.